Gari la Majaribio

Sehemu ya Nane

Tulimwacha Bi Kanuni amesimama mbele ya kompyuta, kidole kimegusa kioo, mkono wa pili umeshika kikombe cha chai. Leo tunamkuta palepale. Hajaketi, chai imepoa, na kidole hakijaondoka.

Kwa msomaji aliyeingia leo, nitakupa mambo kwa ufupi, kisha tukimbie.

Mji una kamera ishirini na mbili zinazosoma namba za magari. Gari likipita, kamera inaandika namba, saa na mahali. Bi Kanuni ndiye mtunza kumbukumbu za kamera hizo. Jina hilo hakupewa na mama yake, alipewa na wafanyakazi wenzake, kwa sababu kanuni kumi na nne za kulinda siri za wenye magari aliziandika yeye, na hupenda kuzikumbusha. Kumbukumbu hufutwa baada ya siku thelathini. Gari la mtu halitafutwi bila sababu na namba ya kesi. Na hakuna ruhusa ya kutafuta gari la ndugu, shemeji wala jirani.

Bi Kanuni ana mdogo wake wa kike. Mdogo wake ana mume. Mume huyo, shemeji yake Bi Kanuni, ndiye msimamizi wa ofisi hiyohiyo ya kamera. Ni mtu mpole, mwenye salamu ndefu, na amemvunja mkewe mkono mara mbili, mkono uleule.

Wiki kumi na saba zilizopita mdogo mtu alitoroka, na dada yake akamficha. Mahakama imemwamuru Shemeji asimkaribie mkewe. Alhamisi hii kesi inasikilizwa, na shahidi ni mmoja tu, naye ni huyo mke. Kwa hiyo kazi ya Bi Kanuni ni kumfikisha mdogo wake Alhamisi akiwa mzima. Leo ni Jumatatu.

Katika sehemu iliyopita, akiandaa taarifa ya robo mwaka, alikuta namba ya gari lake mwenyewe imetafutwa mara mia tatu na kumi na moja. Kwenye safu ya jina la aliyetafuta kulikuwa na neno moja kuanzia juu hadi chini: Msimamizi.

Barua zenu nimezisoma. Wengi mnataka Shemeji akamatwe leo kabla ya aya ya tatu. Poleni, aya ya tatu imeshapita.

Bi Kanuni aliondoa kidole, akafuta alama yake kwenye kioo kwa kitambaa, akashika njia. Chumba cha msimamizi kiko mwisho wa korido, baada ya kabati la mafaili na ndoo ya kudekia. Mlango ulikuwa wazi nusu. Kiti kilikuwa kimegeuzwa mgongo, na kibodi ilikuwa inalia.

Alikuwa amepanga maneno matatu makali. Alianza na la kwanza.

"Shetani mkubwa."

Kiti kikazunguka. Juu yake aliketi Fundi Lenzi, miwani imefungwa kamba, kitambaa cha kupangusia kiko begani.

"Salama, dada," alisema. "Na wewe umeamkaje?"

Fundi Lenzi ndiye anayepanda nguzo na kupangusa macho ya kamera. Amebakiza miezi mitano astaafu, na katika maisha yake hajawahi kuwa na haraka isipokuwa wakati wa kushuka ngazi.

"Unafanya nini kwenye kiti cha msimamizi?"

"Majaribio. Leo si Jumatatu?"

"Majaribio gani?"

"Ya kamera. Kila Jumatatu naandika namba ya gari la majaribio, naangalia wiki nzima limesomwa na kamera zipi. Kamera ambayo haijaliona, najua ina vumbi, naenda kuipangusa. Sasa hivi ndiyo nilikuwa naandika namba, bado kubonyeza tu."

"Kwa jina la msimamizi?"

"Mimi humo ndani sina jina, dada. Mafundi hatukupewa. Msimamizi wa mwanzo alinipa neno lake la siri, huyu wa sasa akalirithi. Lipo hapa."

Akainua kibodi. Lilikuwepo, limeandikwa kwa wino wa bluu na kuzungushiwa plastiki lisilowe. Kanuni ya pili, ile inayokataza mtu kumpa mwenzake neno la siri, ilikuwa imelala chini ya kibodi kwa miaka sita bila mtu kuisumbua.

Bi Kanuni alirudisha kibodi mahali pake.

"Na hilo gari la majaribio, ni gari gani?"

Fundi Lenzi alimtazama kwa huruma, kama mtu anayeulizwa jina la mwanawe na mama wa mtoto huyohuyo.

"La kwako," alisema.

Ndipo alipokumbuka. Miaka sita nyuma, kamera zilipofungwa, ofisi haikuwa na gari. Bi Kanuni alijitolea lake. Alizunguka mji Jumamosi nzima, Fundi Lenzi akiwa juu ya ngazi anampungia mkono, na jioni alirudi nyumbani amejaa fahari kwamba gari lake dogo ndilo la kwanza kusomwa. Fundi akaiandika namba kwenye karatasi, akaibandika ukutani. Karatasi bado ipo, imekuwa ya njano, na Bi Kanuni ameipita kila siku bila kuiona.

"Lakini kumbukumbu zinafutwa baada ya siku thelathini," alisema.

"Za watu zinafutwa. Za gari la majaribio hazifutwi. Wala hatuulizwi sababu, wala namba ya kesi. Kuna waraka."

"Waraka wa nani?"

Fundi alifungua droo, akatoa karatasi, akaisogeza mbali na macho ili aione vizuri. "Kumbukumbu za gari la majaribio zihifadhiwe bila ukomo, na anayezihitaji asiombwe kibali, ili kazi isikwame. Imesainiwa na..." Akasita. "Sasa dada, mpaka nikusomee saini yako mwenyewe?"

Bi Kanuni aliketi kwenye kiti cha wageni. Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Amewahi kumwandikia barua ya onyo karani aliyetafuta gari la mchumba wake mara moja tu, tena kwa kuwa lilikuwa limepotea. Na muda wote huo waraka ulioacha mlango wazi ulikuwa wa kwake. Hakuna aliyemlazimisha. Aliona unaokoa muda.

Akakumbuka Jumapili kumi na saba. Kila Jumapili alasiri alikwenda kumwona mdogo wake. Alimnyang'anya simu akaitupa kadi yake, akamzuia kusogea dirishani, akamkataza hata kuanika nguo zake nje. Kisha yeye mwenyewe akaja kwa gari ambalo mji mzima unaliandika, na kilichoandikwa hakifutwi.

"Ukishachapa hiyo karatasi ya majaribio, unaipeleka wapi?" aliuliza. Sauti ilikuwa imepungua.

"Kwa msimamizi. Ndivyo waraka unavyosema. Naitia kwenye bahasha, naifunga, naiweka mezani kwake."

"Kila wiki?"

"Kila wiki. Ila usihangaike, dada. Hajawahi kufungua hata moja. Mtu mvivu wa kusoma sijaona. Tazama anazifanyia nini."

Akaonyesha kompyuta. Kioo kilikuwa kimeinuliwa juu ya mafungu mawili ya bahasha, kimeketi vizuri ili shingo ya msimamizi isimuume. Bahasha za miaka sita, zimefungwa, zimebanana, zimeshika vumbi la heshima.

Bi Kanuni alicheka. Alicheka kidogo tu, puani, lakini alicheka. Siri ya mdogo wake ilikuwa imewekwa chini ya kompyuta ya adui yake wiki kumi na saba, na adui aliona ni kiegemeo. Ukitaka kumficha Shemeji jambo, kumbe mwandikie.

Kisha akainama aone vizuri, na kicheko kikamkauka.

Bahasha nne za juu zilikuwa zimekatwa. Hazikuchanwa. Zilikatwa kwa kisu cha karatasi, mstari ulionyooka, kisha zikarudishwa mahali pake.

"Hizi nimezifunga kwa ulimi wangu mimi," alisema Fundi Lenzi, na alionekana kuumia.

Walizivuta. Kioo kikashuka upande mmoja. Ndani ya kila bahasha kulikuwa na orodha ya wiki moja: nyumbani, ofisini, sokoni, ofisini, nyumbani. Na kila Jumapili kulikuwa na mistari miwili. Kamera namba tisa, saa tisa alasiri. Kamera namba tisa, saa kumi na mbili kasorobo. Mistari hiyo ilikuwa imezungushiwa duara jekundu, Jumapili nne, maduara manne, mazuri kabisa.

Kamera namba tisa ndiyo ya mwisho mjini, kwenye njia ya kiwanda cha vigae. Ukipita pale hakuna soko, hakuna hospitali, hakuna shule. Kuna nyumba kama arobaini. Katika mojawapo anaishi mjane mmoja anayeshona sare, na chumba chake cha uani ndimo alimo mdogo wake Bi Kanuni.

"Msimamizi yuko wapi?" aliuliza.

"Ametoka. Yapata dakika ishirini. Ameniachia ukaimu." Fundi akapapasa mfuko wa shati, akatoa kikaratasi. "Ameniandikia kabisa."

Bi Kanuni alishatoa simu. Alimpigia mjane, ambaye sote tunamwita Mama Cherehani. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Mama Cherehani akiwa kwenye mashine hasikii hata mvua ya mawe. Hilo alimwambia tangu siku ya kwanza, na siku ile lilionekana jambo la kuchekesha.

Akampigia askari wa dawati anayeshika kesi, mama mmoja asiyependa maneno mengi.

"Amejua mtaa," alisema Bi Kanuni. "Tuma watu."

"Nina gari moja, dada, na liko kwenye ajali ya lori, na majeruhi wawili. Una uhakika amekwenda huko?"

"Amefungua bahasha nne."

"Bahasha. Sikiliza. Nikipata uthibitisho kwamba amepita ile kamera yenu, amevunja amri ya mahakama, nalitoa gari sasa hivi na hakuna atakayeniuliza. Bila hilo nitaambiwa nimewaacha watu barabarani kwa ajili ya bahasha. Unayo mashine ya kumwona. Mtafute."

"Ni shemeji yangu. Kanuni ya saba inanikataza."

"Basi mtafute kwa halali. Wakili wake amekaa anangoja kosa lenu moja tu. Akilipata, Alhamisi atasema dada mtu anatumia ofisi kumwinda shemeji yake, na atakuwa amesema kweli."

Simu ikakatika. Fundi Lenzi, aliyekuwa amesikia yote kwa kuwa hakuziba masikio, alisogeza kibodi.

"Bonyeza tu, dada. Namba ya gari lake unaijua. Nitageuka ukutani."

Hapa, msomaji, najua wewe ungebonyeza. Hata mimi ningebonyeza, na mhariri wangu angebonyeza kabla yangu. Bi Kanuni alivitazama vitufe vile, vidole vikamwasha. Mdogo wake alikuwa na makovu mawili ya upasuaji kwenye mkono, na yeye alikuwa na kanuni.

"Leta fomu ya dharura," alisema.

Kanuni ya kumi na moja inasema hivi: maisha ya mtu yakiwa hatarini, gari laweza kutafutwa papo hapo, mradi anayetafuta si ndugu, sababu iandikwe, na msimamizi aweke saini. Msimamizi asipokuwepo, kaimu wake.

"Kaimu ni nani leo?" aliuliza Bi Kanuni, ingawa alijua.

Fundi Lenzi alitazama kikaratasi. "Ni mimi."

"Na mtu asiye ndugu aliyepo hapa?"

Akatazama chumba. "Pia mimi."

"Jaza."

Alijaza. Fundi Lenzi huandika kwa herufi kubwa, moja moja, kama mtu anayepaka rangi uzio. Namba ya kesi Bi Kanuni alimtajia kwa kichwa. Kwenye sababu aliandika KUNA MAMA ATAUMIZWA, akauliza kama inatosha, akaambiwa inatosha. Akasaini pa mwombaji. Akasaini pa mwidhinishaji.

"Nimejiomba mwenyewe na nimejikubalia," alisema. "Sijawahi kupata jibu haraka hivi katika ofisi hii."

Akaandika namba ya gari la Shemeji, akabonyeza.

Mstari wa leo ulitoka mmoja. Kamera namba moja, getini kwa ofisi, saa mbili kasoro dakika nane asubuhi. Kuingia. Baada ya hapo hakuna kitu.

"Hajatoka," alisema Fundi Lenzi.

Bi Kanuni alikwenda dirishani. Chini, uani, gari jeupe la Shemeji lilikuwa mahali pake chini ya kivuli cha kibanda, limefutwa vizuri, kitambulisho cha msimamizi kikining'inia kwenye kioo. Hakuwa amekwenda popote. Labda alikuwa benki, au kinyozi. Bi Kanuni akaegemea ukuta, akajiona mjinga mwenye bahati, na akafurahi kuwa mjinga. Angemhamisha mdogo wake leo hii, kabla ya saa sita. Angeomba gari la mtu mwingine.

"Basi yupo hapahapa," alisema.

"Yupo," alisema Fundi Lenzi, ambaye naye alikuwa amekuja dirishani. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Dada, kwani leo umekuja kwa miguu?"

Nafasi ya nne kutoka ukutani, Bi Kanuni anapoegesha gari lake kila siku, ilikuwa tupu. Palibaki doa la mafuta tu.

Wasiojua ofisi hiyo lazima niwaeleze kuhusu ubao wa funguo. Ua ni mwembamba na magari hubanana, hivyo kila mfanyakazi akifika hutundika ufunguo wake kwenye ubao karibu na mlango, ili anayetaka kutoka aweze kusogeza la mwenzake. Chini ya ubao kuna kitabu cha kuandikia. Chini ya msumari wa nne, tangu miaka sita iliyopita, pamebandikwa karatasi yenye mwandiko wa herufi kubwa moja moja: GARI LA MAJARIBIO.

Walifika kwenye ubao wote wawili kwa pamoja. Msumari ulikuwa mtupu.

Kitabu kilikuwa wazi. Jina: Msimamizi. Gari: la majaribio. Saa ya kutoka: tatu na dakika arobaini. Safu ya sababu, ambayo katika kitabu kile hakuna binadamu aliyewahi kuijaza, ilikuwa imejazwa. Ukaguzi, kamera namba tisa.

Alikuwa ameandika kila kitu. Hakuiba gari wala hakuvunja mlango, wala hakumtafuta mtu kwenye mashine. Alikuwa amefuata utaratibu wa Bi Kanuni kuliko Bi Kanuni mwenyewe.

Lakini hilo silo lililomtisha Bi Kanuni.

Kulikuwa na neno alilomwambia mdogo wake siku ya kwanza, akimshika mabega, wamesimama kwenye chumba chenye vitambaa vya sare. Alimwambia, "Usimfungulie mtu geti. Akija polisi usifungue. Akija mama yetu mzazi usifungue. Fungua ukiliona gari langu tu." Na mdogo wake, ambaye utotoni hakuwahi kumsikiliza hata siku moja, hili alilishika.

Na wiki mbili zilizopita Bi Kanuni alibandika vioo vya gari lile karatasi nyeusi, pande zote, ili Alhamisi amfikishe shahidi mahakamani bila mtu kumwona aliyemo ndani.

Shemeji hakuijua nyumba, na sasa hakuwa na haja ya kuijua. Akipita taratibu na gari lile mbele ya nyumba arobaini, moja itamfungukia yenyewe.

"Fundi," alisema. "Ile namba uliyokuwa umeiandika asubuhi. Bonyeza."

Walirudi kwenye korido mbio, na kwa mara ya kwanza Fundi Lenzi alikimbia akiwa chini. Namba ya gari la majaribio aliiandika upya. Mkono wake ukasita juu ya kitufe, akamtazama Bi Kanuni.

"Hii haihitaji saini?"

"Haihitaji. Niliandika mwenyewe."

Mara ya mia tatu na kumi na mbili. Mistari ya wiki nzima ikamwagika kwenye kioo kilichoinama upande, na Bi Kanuni hakuisoma hata mmoja ila wa mwisho. Kamera namba tisa, saa nne na dakika tano. Saa ya ukutani ilionyesha nne na dakika kumi na moja.

Akampigia askari.

"Amepita kamera namba tisa. Dakika sita zilizopita. Ninayo kwa maandishi."

"Gari lake?"

"Langu."

"Limeibwa?"

"Limeandikwa kwenye kitabu."

Askari hakuuliza zaidi. Walisikia akimwita mtu kwa redio, akimwambia aache kupima barabara. "Gari linatoka sasa. Dakika kumi na tano. Mpigie mwenye nyumba, mwambie geti lisifunguliwe hata aje nani."

Fundi Lenzi alikuwa ameshateremka uani. Ana pikipiki, na juu yake kuna ngazi iliyofungwa kwa kamba kwa mafundo ambayo hayafunguki kirahisi. Alichukua kisu, akaikata kamba. Ngazi aliyoipenda miaka yote ikaanguka chini na hakuitazama. Bi Kanuni alimfuata huku simu iko sikioni, viatu mkononi, na simu ilikuwa inaita.

Ikaita. Ikaita. Ikapokelewa.

"Samahani mwanangu," alisema Mama Cherehani, akihema kidogo, sauti yake imejaa furaha ya mtu aliyepata mapumziko. "Nilikuwa kwenye mashine, sare za watu zinadaiwa leo. Naona umenipigia mara nyingi."

"Mama, nisikilize..."

"Na wewe nawe, unapiga simu ya nini na gari lako liko hapa nje? Mbona hata leo si Jumapili. Mdogo wako amefurahi, kakimbia na viatu vyangu kwenda kukufungulia. Ingieni, nawamalizia kola mbili nakuja."

"Mama, mrudishe. Mrudishe ndani. Si mimi."

Hakujibiwa. Alisikia simu ikiwekwa juu ya meza, taratibu, bila kukatwa. Alisikia kiti kikivutwa, na mbali, nje ya nyumba, komeo la geti likisogea.

Kisha cherehani ikaanza tena, na kwa sauti yake hapakusikika kitu kingine.